Mahlon na Kamba za Buti

Orpha ndiye aliyeziona kamba kwanza. Kila kaka yake Mahlon alipopandisha marobota matano ya nyasi kavu ghalani, aliinama kufunga kamba za buti. Nazo zilikuwa zimefungwa tayari.

"Hiyo buti ina kesi gani na wewe?" Baba alimtania kutoka juu ya mkokoteni. "Farasi wanasubiri!"

Mahlon alicheka, akihema. Tangu utotoni daktari alisema vali moja ya moyo wake haifunguki vizuri, apimwe kila mwaka. Akakua, akawapita wote kwa nguvu, kupimwa kukasahaulika. Kwa Waamishi wa Ohio, Wakristo wanaolima kwa farasi bila trekta, kijana anayerusha marobota mia mbili kwa siku, nani atamwita mgonjwa?

Jioni Orpha alikamua ng'ombe wake, kisha wa Mahlon, aliyesema amechoka. Wiki ya tatu sasa. Alikuwa hoi.

Jumamosi jirani yao, Nesi Darlene, aliyeijua hali ya moyo wa Mahlon, alikuja kununua mayai. Akamwona Mahlon ameinama.

"Mahlon, njoo ukae. Unapata kizunguzungu? Kifua kinabana? Umewahi kuzimia?"

"Hapana, hapana, hapana. Njaa tu."

Orpha alikuwa ameshika trei ya mayai. Akaiweka chini.

"Alizimia," alisema. "Zizini, mwezi wa tatu. Akanikataza kusema."

"We Orpha!" Mahlon alifoka.

Baba akashuka polepole kutoka kwenye mkokoteni. "Lakini ana nguvu kama farasi, Nesi."

"Hizo ni nguvu za mikono, mzee. Vali ni kilango cha damu, na chake kimebana. Akinyanyua kizito, moyo unasukuma lakini damu haipiti ya kutosha. Kuzimia ni dalili ya hatari. Hanyanyui kitu tena. Ingieni garini, twende hospitali."

"Basi awe wa kukaa tu?" Baba aliuliza.

"Nani kasema? Apimwe kwanza. Daktari atamwambia afanye kazi gani, na kiasi gani."

Hospitalini walimwekea vali mpya. Miezi miwili hakubeba hata ndoo. Kisha akaanza kutembea, akaendesha farasi, kidogo kidogo, kama daktari alivyopanga. Anameza dawa. Anatunza meno, maambukizi ya mdomoni yasipite kwenye damu hadi moyoni. Tarehe ya kupimwa imeandikwa ukutani.

Msimu uliofuata alipanda ngazi ya ghala bila kusimama. Huko juu akainama. Orpha, aliyepanda nyuma yake, alishtuka, akatazama vizuri. Safari hii kamba ilikuwa imefunguka kweli.

Orpha akaketi juu ya nyasi, karibu naye.

"Mahlon, nilichoka," alisema. "Si kukamua. Nilichoka kubeba siri yako peke yangu. Usinipe nyingine."