Ubao wa Wajahat

Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, saa kumi na mbili kasorobo jioni, adhana ya magharibi ikitoka misikiti yote ya Malakpet, chaki ilikwaruza ubao katika chumba kisicho na mtu.

Chumba kilikuwa cha marehemu Wajahat. Hapa Hyderabad alikuwa akiwafundisha hesabu za mtihani vijana wanaotaka kwenda kusoma shahada ya pili ng'ambo, mpaka lori lilipomgonga na pikipiki yake mwezi wa Ramadhani. Mdogo wake, Nazneen, alibaki na mtihani huohuo bila mwalimu. Mazoezi ya vitabuni aliyamaliza, ya kwenye simu akayamaliza, yote akayaona mepesi. Mchana ule alisimama mbele ya ubao akalalamika, "Kaka, sasa nani atanipa magumu?"

Magharibi ile alipofungua mlango, alikuta swali ubaoni. Mwandiko ulikuwa wa Wajahat. Chumba kilinuka kafuri, kama siku ya kumwosha.

Alilijibu. Kwa kuwa chaki haikusogea akiitazama, akafunika ubao kwa shali ya kaka yake, chaki ikakwaruza chini ya shali, likaja jingine, gumu zaidi. Akafurahi. Mtihani ule hufanywa kwenye kompyuta, na wanaojiandaa nao wanajua tabia yake: ukipatia, swali linalofuata linapanda, ukikosea, linashuka. Basi kila ugumu ulipozidi, Nazneen aliona ni heri.

Kesho yake jioni, mama yake, Bi Raziya, ndiye aliyeanza kushuku.

"Mbona huli? Wali wa dengu umepoa tangu asubuhi. Na alasiri umeswali?"

"Ammi, niache kidogo. Kaka ananifundisha."

"Kaka yako tumemzika, mwanangu."

"Kwani huu mwandiko si wake?"

Bi Raziya aliusogelea ubao. "Wake," alinong'ona. "Lakini ni msafi mno."

Wajahat aliandika kwa mkono wa kushoto, na mkono ulipita juu ya alichokwisha kuandika, ukaburuza chaki. Mama aliyemfulia mashati aliijua chaki ile iliyoganda kwenye mkono wa shati.

"Mwanangu hakuwahi kuandika mstari usiochafuka. Huyu ni nani?"

Nazneen akarudisha shali, na chini yake chaki ikakwaruza mara moja, ikanyamaza, kama mtu aliyetega sikio.

Bi Raziya alikuwa amekwisha kuzika mtoto mmoja. Akamwita Shehe Burhanuddin.

Shehe alisoma, akapulizia maji, akaeleza kwa sauti ya chini. "Kila mtu ana jini wake anayeandamana naye. Mtu akifa, yule hubaki. Huyu anampandisha binti yako mpaka pasipo na kushuka." Akamgeukia Nazneen. "Ukikosea, swali linashuka, sivyo? Basi kosea mpaka amalizike."

"Shehe, maishani mwangu sijaambiwa nifeli makusudi."

"Leo feli, binti. Feli vizuri."

Nazneen akafeli. Mlango ulikuwa umefungwa, wao watatu tu ndani, na kila alipoandika jibu baya na kurudisha shali, chaki ilikwaruza kwa hasira, maswali yakashuka, yakawa ya sekondari, yakawa ya watoto, na harufu ya kafuri ikapungua hata Bi Raziya akaanza kumshukuru Mungu kwa machozi, mpaka shali ilipoinuliwa na kukutwa swali jepesi kuliko yote: Humu ndani mko wangapi?

"Usiseme tatu," shehe alinong'ona. "Kosea."

Nazneen akaandika nne, akarudisha shali, wakasubiri, na chaki ikaanza taratibu, ikaendelea, ikaendelea, ikajaza ubao kutoka ukingo hadi ukingo huku kafuri ikirudi nzito hata shehe akaziba pua, na Nazneen alipoinua shali hakuona swali jepesi, aliona swali refu, gumu kuliko yote aliyowahi kupewa.

"Ammi," alisema, akimshika mama yake mkono. "Limepanda. Nimepatia."

Hakuna aliyethubutu kugeuka nyuma.

Ewe Mola, mrehemu mja wako Wajahat, mpanulie kaburi lake na ulijaze nuru, na umtenge na kila ajaye kwa mwandiko wake. Amina.