Madoa Meupe kwenye Gari Jeusi

Gari jeusi la Mama Mkubwa lilikuwa limerukiwa na rangi nyeupe, kutoka mlango wa mbele hadi tairi la nyuma. Madoa yalikuwa madogo kama punje za mtama, na yalikuwa yamekauka.

Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake, ndiye aliyeyaona alipokuwa akifagia uani. Ndiye pia aliyetoa hukumu.

"Ni fundi rangi huyo! Nani mwingine anashika brashi hapa?"

Fundi alikuwa juu ya ngazi, akipaka ukuta wa mbele. "Binti Fundi," alisema, maana ndivyo alivyozoea kumwita, "jana gari nililifunika turubai. Si uliniona?"

"Ukalifunua ulipoondoka! Na leo mbona huimbi kama siku zote? Mwenye hatia hana sauti."

Mama Mkubwa, muuguzi aliyejinyima miaka sita kulinunua gari lile, hakuuliza zaidi. "Fundi, shuka. Kusanya vitu vyako."

Fundi alifunga brashi zake kwenye gazeti akaondoka. Kutwa nzima Chiriku alipita akisimulia, na kila jirani alikumbuka jambo. "Hata mimi beseni langu silioni!" alisema mmoja. Kumbe beseni lilikuwa uvunguni mwake.

Jioni alikuja Mjomba, fundi wa kunyoosha bodi za magari. Aliosha mlango kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Madoa hayakutoka. Chiriku akakimbilia waya wa kusugulia masufuria.

"Weka chini hiyo!" Mjomba alifoka. "Utatoa doa pamoja na ngozi ya gari." Akakwaruza doa moja kwa ukucha. "Dada, fundi alikuwa anapaka rangi gani?"

"Ya maji."

"Ya maji ingelainika kwa sabuni. Hii ni ya mafuta. Nani ana rangi ya mafuta hapa?"

Chiriku alitupa jicho upande wa banda la kuku. Fundi alikuwa amempa kikopo cha rangi nyeupe ya mafuta apake baiskeli yake. Jana, fundi alipokwisha kuondoka na turubai lake, Chiriku alimaliza kuipaka, akaikung'uta brashi kwa nguvu kama afanyavyo fundi, huku amelipa gari mgongo. Hakutazama nyuma.

Kikopo kilikuwa nyuma ya banda la kuku. Angekitupa, nani angejua?

"Ni mimi," alisema. "Sikujua, lakini ni mimi."

Mjomba hakumgombeza. Alimpa kitambaa laini chenye mafuta ya taa kidogo. "Doa moja moja. Usikandamize. Kisha unaosha kwa sabuni."

Mama Mkubwa alichukua kitambaa kingine, akainama karibu naye. "Hata mimi nilikosea, nilihukumu bila kuuliza," alisema. "Doa la gari lina dawa, mwanangu. Doa ulilompaka mtu, dawa yake ni kurudi mlango kwa mlango, pale pale ulipomchafua, ukaseme kweli. Tutaanzia kwa fundi mwenyewe."

Madoa yalikuwa mia moja arobaini na matatu. Yalikula jioni mbili, vitambaa vinne na nusu kikombe cha mafuta ya taa. Fundi alikosa kazi siku mbili. Chiriku alibisha milango kumi na mmoja. Na fundi aliporudi kumalizia ukuta, aliimba kama zamani, lakini alimwita "wewe mtoto".