Kopo la Awadhi

Nilikuwa nafunga meza yangu ya samaki wa kukaanga, uchochoroni nyuma ya soko la Kariakoo, Polycarp, mwenye bwawa alilofanyia kazi mume wangu, aliponipigia simu. Akaniambia, shemeji, njoo uchukue vitu vya Awadhi, kesho asubuhi nakausha bwawa. Nikamuuliza vitu gani. Akasema koti la mvua, ndala na redio. Nikamjibu kuwa mwenyewe atakuja kuvichukua, nikakata simu.

Halafu nikakaa juu ya ndoo nikalia, na mafuta bado yanachemka karaini.

Sikufichi, siku zile nilikuwa mgomvi. Mume wangu alitoka nyumbani wakati wa mvua kubwa za masika, akaenda kufunga nyavu kwenye kingo za bwawa ili samaki wasitoke na mafuriko. Maji ya Jangwani yalipopungua watu waliokota magodoro, mafriji, hata mbuzi wa watu. Awadhi hawakumpata. Mawifi zangu wakaja na kanga zao vichwani, wakataka asaliwe sala ya ghaibu, ya maiti asiyepatikana, na mimi nikae eda. Niliwafukuza. Nikawaambia anayeniita mjane anionyeshe kaburi kwanza. Mume wangu yu hai, na siku atakayorudi asinikute nimeshamzika kwa mdomo wangu.

Lakini koti lake lilikuwa linaniuma. Nikajifunga kanga, nikashuka na Mtaa wa Msimbazi kwa miguu mpaka bondeni. Jua lilikuwa linazama.

Bwawa lile Polycarp, Mchaga wa Rombo, alilichimba kwa ajili ya starehe tu. Jumamosi na Jumapili watu walikuja na watoto wao, wanapewa ndoana, wanavua perege. Anayetaka anakaangiwa palepale, asiyetaka anamrudisha samaki wake majini. Awadhi ndiye aliyekuwa mtunzaji. Aliwahi kunieleza kuwa perege wakiachwa huzaana mpaka wanabanana, wote wanadumaa, mteja anavuta ndoana anatoa kidagaa. Kwa hiyo akatia kambale wa kuwala vifaranga, na perege waliobaki wakanenepa. Aliwapenda samaki wale mpaka nikawa naona wivu, wallahi. Kila jioni aligonga kopo la chuma kwenye bomba la ukingoni, ko, ko, ko, nao wanakuja wote kula pumba mbele yake.

Polycarp nilimkuta nje ya geti. Amekonda. Akaniambia tangu mafuriko bwawa halina samaki. Alivuta wavu wa kokoro kutoka huku mpaka kule, ukapanda na tope na mifuko ya plastiki. Wateja walikaa na ndoana mchana kutwa wakaondoka mikono mitupu, wengine wanamtukana. Alimleta mchungaji akaomba. Akamleta na mganga. Wote wawili waliondoka kabla ya magharibi na hawakupokea simu zake tena.

"Mchana hamna kitu," alininong'oneza. "Ila jioni, shemeji... jioni wanakuja. Mimi siingii humo saa hizi."

Nikamcheka. Mwanamume mzima na ndevu zake anaogopa perege! Nikasukuma geti nikaingia.

Koti lilikuwa limetundikwa msumarini ndani ya kibanda, mahali alipozoea kuliweka. Nililishika.

Lilikuwa linachuruzika maji.

Mvua ilikuwa haijanyesha muda mrefu. Sakafu ya kibanda ilikuwa kavu, isipokuwa pale chini ya koti. Nikalikumbatia hivyohivyo likanilowesha kifua, nikatoka. Ndipo harufu iliponipiga... pumba mbichi iliyochanganywa na dagaa wa kusagwa. Nani ameichanganya? Ndani ya geti nilikuwa mimi tu.

Adhana ya magharibi ikaanza upande wa Kariakoo. Ilipokwisha, kukawa kimya.

Ko.

Ko.

Ko.

Maji yakachemka. Sijui nilieleze vipi hili... Bwawa zima lilijaa migongo na midomo. Perege wapana, kambale wenye sharubu ndefu, wamepandana wenyewe kwa wenyewe mpaka maji hayaonekani. Wote wameelekea upande mmoja, kwenye bomba. Pale kwenye bomba hapakuwa na mtu. Ila pumba ilikuwa inaanguka majini, kiganja kwa kiganja, inatoka hewani tu.

"Sitara."

Sauti ilikuwa yake. Si ya kufanana. Yake.

"Sitara, nipokee."

Hivyo ndivyo alivyosema mlangoni kila jioni akirudi na mzigo wake. Nami nilikuwa naitika abee kutoka jikoni, naenda kumpokea, hata siku tulizonuniana.

Sasa wewe kama umelelewa na bibi wa Pwani unajua. Ukiitwa magharibi na usiyemwona, huitiki. Watoto wote wa mtaani kwetu tulifundishwa hivyo kwa makofi. Anayeitika hachukui muda, anamfuata aliyemwita. Mimi ninayewajibu mawifi, ninayebishana na mgambo mpaka ananiachia beseni langu, ulimi ukagoma. Nikauma pindo la kanga. Moyoni nikawa nasema, kama ni wewe nionyeshe hata kidole, baba, hata kidole kimoja.

Mlio wa kopo ukakoma. Nikasikia mtu anatembea kwenye tope. Chwa... chwa... Akaja taratibu, akasimama mbele yangu. Nilikuwa naona ukuta wa ng'ambo ya bwawa bila kizuizi, lakini kulikuwa na mtu. Nilinusa tope, na chini ya tope nikanusa sabuni ya mche ninayofulia mashati yake.

"Nipokee, mke wangu. Mkono umechoka."

Machozi yalinimwagika mpaka shingoni. Sikuitika.

Safari hii akanong'ona sikioni kabisa.

"Sitara... hunijui?"

Sikuitika.

Nilimsikia anavuta pumzi, kama mtu anayejizuia kulia. Kisha sikumsikia tena. Kule kwenye bomba kitu cha chuma kikaanguka majini, chubwi. Samaki wote wakageuka kwa pamoja, wakazama. Bwawa likatulia.

Hapo ndipo mdomo ulipofunguka. Nilipiga kelele abee, abee, Awadhi nipo, nipo hapa, mpaka sauti ikakauka. Polycarp aliingia mbio akanivuta nje kwa mkono, huku anasali kwa Kichaga.

Asubuhi pampu ilivuta maji mpaka chini. Nilisimama palepale nikitazama. Hakukuwa na perege, hakukuwa na kambale, hata kifaranga kimoja. Wala mfupa wa mtu. Lilikuwa tope tupu, na kwenye tope lile, tangu katikati ya bwawa mpaka ukingoni niliposimama jana yake, kulikuwa na nyayo. Nyayo za mtu pekupeku, kisigino cha kushoto kimepasuka. Kisigino kile nimekipaka mafuta ya nazi miaka yote ya ndoa yangu.

Za kurudi katikati zilikuwepo pia.

Wazee wa msikitini wameniambia nishukuru. Wanasema ni jini wa maji, huchukua sauti ya maiti na harufu yake, na ningeitika tungekuwa wawili. Inawezekana. Wana elimu yao. Lakini nimewauliza, jini anachoka mkono kwa kazi gani?

Jioni ya siku ileile bwawa lilipokaushwa, mawifi walikuja tena. Safari hii sikuwafukuza. Wifi mkubwa, Badria, alinivalisha nguo nyeupe mwenyewe, akaniambia kwa upole kuwa nisiogope, tangu mafuriko muda mwingi umeshapita, eda yangu ya miezi minne na siku kumi imebaki kidogo tu nitamalizia.

Nikamwambia hapana, tuanze kuhesabu tangu jana.

Akadhani nimechanganyikiwa. Akanishika mikono, akaniuliza kwa nini jana.

"Jana jioni nilikuwa na mume," nikamwambia. "Aliniita, nikanyamaza."