Simu Iliyomtafuta Bibi Kokushubila

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Joanitha alifagia uwanja, akachota maji, kisha akamshika bibi yake mkono na kumpeleka mpaka kwenye kigoda chake nje ya jiko. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo aliyoipenda. Bibi Kokushubila alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni ila mwanga na vivuli, lakini mdomo wake ulikuwa mzima kabisa. Njia nzima alimtania mjukuu wake, mara anatembea kama mtu anayefukuza kuku, mara mikono yake ni mikavu kama ya mpasua kuni. Joanitha alisoma darasa la sita hapo Kishanda, wilayani Muleba, na majirani walimwita "fimbo ya Bibi".

Hata hospitali, kule Bukoba, ni yeye aliyempeleka. Ilikuwa wakati wa likizo, na baba yake, Anatory, alikuwa ameshikwa na kazi ya kuanika kahawa. Sista aliyewapokea alimpima Bibi, kisha akaandika namba ya simu ya Anatory, maana simu nyumbani kwao ilikuwa hiyo moja tu.

"Madaktari wa macho watakuja kwa siku chache, na wagonjwa ni wengi," alisema Sista. "Nafasi yako ikifika tutakupigia, na kesho yake uwe hapa. Tunaweza kupiga siku yoyote, hata Jumamosi, hata Jumapili. Simu isizimwe." Akamgeukia Joanitha. "Umesikia, binti?"

"Nimesikia, Sista."

Walipokuwa wakirudi, Bibi hakuwa na neno jingine. "Nikifunguliwa macho, mwana wange, utanipeleka Kashozi kwa kaka yangu kabla ya kwenda popote. Kwenye simu sauti yake imekuwa nyembamba sana. Nataka nimwone uso kabla Mungu hajamchukua. Katika tumbo letu tumebaki mimi na Rutaihwa."

Joanitha aliahidi, na aliahidi kwa moyo mweupe.

Sasa, Anatory naye alikuwa na ugonjwa wake, tena ule usio na daktari. Alipenda mpira. Zamani alikwenda kuutazama bondeni kwenye kibanda umiza, akilipa kiingilio na kukaa kwenye benchi kama wenzake. Siku moja akasema mtu mwenye nyumba yake hawezi kubanwa kwenye benchi la watu, akanunua king'amuzi kwa fedha ya kahawa. Raha ilidumu msimu mmoja. Mechi kubwa zikahamia kwenye kifurushi cha juu, naye akapanda nazo. Baadaye nyingine zikawa hazionekani mpaka uwe na programu fulani kwenye simu, nayo ina malipo yake, na hapo bado hujanunua bando. Ukiangalia vizuri, mtu huyu alikuwa akilipia milango mitatu ili aingie uwanja mmoja.

"Ningezaliwa mpira," mkewe, Dativa, alikuwa akisema, "leo ningekuwa na viatu vipya."

Na baada ya gharama zote hizo, walichotazama zaidi ni kile kiduara kinachozunguka katikati ya kioo. Kishanda ni vilima na mabonde, na mtandao huja unapojisikia. Simu iliegemezwa dirishani kuelekea mnara, majirani wakaambiwa wasipite mbele yake. Kibaya zaidi, picha ilichelewa. Bao lilifungwa kwanza kule bondeni, watu wa kibanda umiza wakapiga kelele, ndipo baadaye likafungwa nyumbani kwa Anatory. Majirani walitafuna kahawa yake, wakanywa chai yake, kisha wakamlaumu yeye kwa sababu ya mtandao.

Joanitha alipenda mpira pengine kuliko baba yake. Kibanda umiza watoto hawaruhusiwi, na msichana ndiyo kabisa, kwa hiyo ile simu ya dirishani ndiyo ilikuwa uwanja wake pekee. Kwa hilo mimi simlaumu.

Ikafika Jumamosi ya watani wa jadi. Sebule ilijaa. Bibi alikuwa nje kwenye kigoda chake, akimenya ndizi kwa kupapasa. Kipindi cha pili kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza, timu ziko sare, mara kiduara kikatokea na kukataa kuondoka. Bando lilikuwa limekwisha, na Anatory hakuwa na salio la kununua jingine.

"Simu yangu imeharibika, lakini laini ina bando," alisema Evarist, kijana wa jirani. "Toa yako, tuweke hii."

Simu ya Anatory ilikuwa ya laini moja. Alichukua pini, akaanza kuifungua, kisha akasita.

"Na hawa wa hospitali? Joanitha, mliambiwa watapiga lini?"

Watu wote wakamgeukia Joanitha. Kwenye kioo mchezaji alikuwa amegandishwa mguu juu, mpira mbele yake. Joanitha alijua jibu. Alikuwa na maneno ya Sista kichwani, neno kwa neno. Lakini alijua pia kwamba akiyasema, laini haitatolewa, na yule mchezaji hataushusha mguu wake.

"Siku za kazi, Baba," alisema. "Jumamosi hawapigi."

Bibi alikuwa hatua chache tu nje ya mlango. Anatory angeweza kutoka akamuuliza. Hakutoka. Alichomoa laini yake, akaiweka chini ya kisahani cha kahawa, na mpira ukaendelea.

Ukaendelea, lakini kwa kukatakata. Dakika za mwisho ikatolewa penalti. Mpigaji akaweka mpira chini, akarudi nyuma, sebule ikanyamaza kimya. Kiduara kikatokea. Walingoja, wakaipeleka simu huku na huku, Evarist akapanda hata juu ya kiti. Kelele zikapanda kutoka bondeni, kelele kubwa, na mle ndani hakuna aliyejua nani anashangilia na nani analia.

Evarist aliiacha laini yake kwa ajili ya mechi za Jumapili. Ile ya Anatory ilikaa chini ya kisahani mpaka Jumapili jioni.

Jumatatu Joanitha aliporudi kutoka shule, alimkuta Bibi akimenya ndizi, na amemwita Anatory. "Mwanangu, watu wa hospitali wamenyamaza sana. Hebu wapigie wewe."

Anatory akapiga, akaweka sauti ya nje ili mama yake asikie.

"Kokushubila wa Muleba?" alisema Sista. "Tulimtafuta Jumamosi alasiri, tukarudia jioni, na jana asubuhi tukapiga tena. Simu haikupatikana. Nafasi tulimpa mgonjwa mwingine. Poleni sana. Madaktari wanamaliza leo, na hawarudi mpaka mwakani."

Kisu kilikuwa bado mkononi mwa Bibi. Alikiweka chini taratibu.

"Tuliambiwa hata Jumamosi," alisema. "Simu ilikuwa wapi, Anatory?"

Anatory alimtazama binti yake. Binti yake alitazama maganda ya ndizi.

"Ni mtandao, Mama," alisema Anatory. "Si unaujua mtandao wa huku?"

"Mtandao," alisema Bibi.

Baadaye, kwenye kibanja, Anatory alimsimamisha binti yake kati ya migomba. "Uliniambia siku za kazi. Ulisahau?"

"Hapana, Baba. Nilijua."

Hasira aliyokuwa amekuja nayo Anatory ilimwishia, kwa sababu na yeye alikwishasema uongo wake mbele ya mama yake mzazi. "Nimeshamwambia ni mtandao," alisema. "Tuache hivyo hivyo."

Wakaacha hivyo hivyo. Asubuhi Joanitha aliendelea kumshika Bibi mkono, na Bibi aliendelea kumtania, lakini utani ule sasa ulimchoma. Alitamani hata akaripiwe. Na jioni, simu ilipoegemezwa dirishani, hakwenda tena kutazama. Baba yake alidhani ana homa.

Mvua za vuli zilipoanza, simu ililia kutoka Kashozi. Siku hiyo mtandao ulikuwa mzuri ajabu, kila neno lilisikika. Mzee Rutaihwa amefariki.

Walikwenda kuzika. Watu walikuwa wengi kwenye kibanja cha marehemu, na kabla ya kupelekwa kaburini jeneza lilifunuliwa ili ndugu waage. Joanitha alimwongoza Bibi mpaka pale. Bibi alinyoosha mkono, akapapasa paji la uso wa kaka yake, pua, kidevu.

"Joanitha, wewe ndiye macho yangu. Niambie yukoje."

"Amelala, Bibi."

"Hilo najua. Niambie uso. Amekonda sana?"

"Amekonda."

"Siku zote watu walisema akizeeka atafanana na baba yetu. Je, amefanana naye?"

Joanitha aliutazama ule uso mpaka machozi yakaufuta. "Sijui, Bibi. Baba yenu mimi sikumwona."

"Ni kweli," alisema Bibi. "Anayemjua nimebaki mimi tu."

Nyuma yao watu walikuwa wakingoja zamu yao. Mtu mmoja akamshika Bibi bega kwa upole, wakasogea.

Mazishi yalipokwisha, Joanitha alimkalisha Bibi kwenye mkeka nyuma ya nyumba, akapiga magoti mbele yake. Alimwambia yote: bando, laini ya Evarist, swali la baba na jibu lake. "Haukuwa mtandao, Bibi. Ni mimi. Nilijua kuwa watapiga, nikasema hawapigi."

Anatory alikuwa amewafuata kuwaletea chakula. Alisikia, akasimama na sahani mikononi. Angeweza kugeuka akaondoka, lakini alikaa chini.

"Na mimi, Mama," alisema. "Laini niliitoa mimi. Sikutaka kukuuliza, kwa sababu niliogopa utasema nisiitoe. Na la mtandao nilikudanganya."

Joanitha alingoja mikono ile imguse kichwa kama ilivyozoea, lakini haikumgusa.

"Na huo mpira," Bibi aliuliza mwishowe, "mliuona?"

"Hapana, Bibi. Ulikwama kwenye penalti."

"Basi hata huo hamkuuona." Akageuza uso upande wa kaburi. "Mawe!" alisema kwa Kihaya, kama anayemwita mama yake. "Hata huo."

Mwaka uliofuata madaktari walirudi. Anatory alikwishaacha vifurushi vyote, na mechi alizisikiliza kwenye redio ya Dativa, ambayo haikumdai kitu. Simu ilikaa shingoni mwake kwa kamba, usiku na mchana, mpaka wenzake wakamcheka. Ilipolia, ilikuwa Jumapili, naye akaipokea kabla haijalia mara ya pili.

Bibi alipofunguliwa bandeji, Joanitha ndiye aliyekuwa mbele yake. Bibi alimtazama kwa makini kutoka nywele hadi kidevu. "Kumbe umekuwa mkubwa," alisema. "Na mikono kweli ni mikavu." Joanitha alicheka na kulia kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka na Bibi tangu Kashozi.

Huko Kashozi ndiko walikokwenda wiki chache baadaye, kama walivyoahidiana. Mke wa marehemu aliwatolea picha ya zamani ya Mzee Rutaihwa. Bibi aliishika kwenye mwanga wa mlango, akairudisha. "Huyu ni yule kijana, huyu namkumbuka. Niliyetaka kumwona ni yule mzee."

Wakaenda kaburini, chini ya migomba. Bibi hakushika bega la mtu. Alisimama peke yake, akasoma jina kwenye msalaba herufi kwa herufi, kisha akamwita Joanitha karibu.

"Sina kinyongo nawe, mwana wange. Ulikuja mwenyewe ukasema, tena siku ileile ya mazishi, na ulimfungua mdomo hata baba yako. Kwa hilo nakushukuru. Lakini nisikilize. Siku ile baba yako alikuuliza jambo ambalo mle ndani ulilijua wewe peke yako. Mtu akikuuliza hivyo, amejiweka mikononi mwako. Mwambie lilivyo, hata kama litakukatisha raha yako, kwa sababu yeye hana namna ya kuona. Na ukishakosea, sema mapema. Kweli yako ilinifikia Rutaihwa akiwa ardhini. Ingenifikia ile Jumatatu, ningeomba nipelekwe huku hivyo hivyo, na macho yangu mabovu, tukae naye tuzungumze. Mimi niliambiwa ni mtandao, nikakaa nikangoja."

"Nimeelewa, Bibi," alisema Joanitha.

Aliinama kung'oa majani yaliyoanza kuota pembeni mwa kaburi. Bibi naye aliinama, akamsaidia. Vidole vyake havikupapasa tena, vilikwenda moja kwa moja kwenye kila jani.

"Unaliona vizuri, Bibi?" Joanitha aliuliza.

"Kaburi?" alisema Bibi Kokushubila. "Kaburi naliona vizuri sana."