Mafiga ya Mwanaupe

Shemeji yangu Alawi alijua kushona, hilo simnyimi. Kaunda suti aliyokushonea ungezikwa nayo na malaika wakaulizana fundi ni nani. Lakini kwenye chakula alikuwa mtoto mchanga mwenye ndevu.

Alitoka Pangani kuja Musoma mwaka themanini na nne, mwaka wa unga wa njano. Huko kwao nyuzi zilikuwa zimepotea madukani, na sisi huku tulizipata kwa njia zetu za mpakani Sirari ambazo hazikuhusu. Akamwoa dada yangu Siwema. Baba akawapa nyumba ya uani kwetu Mukendo. Cherehani yake niliibeba mimi kutoka stendi kwa baiskeli, mkono mmoja, wanawake wote wa mtaa wakitazama.

Jumanne moja mchana dada akatandika mkeka barazani kama siku zote. Ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa ukaiva vizuri, mweusi, unang'aa. Furu, visamaki vya ziwani, wa kuchemsha na nyanya. Upepo wa ziwa unapuliza. Alawi akanawa, akaugusa ugali kwa ncha ya kidole kama anayepima pasi.

"Siwema mke wangu, hiki chakula ama gundi?"

"Gundi ya kukubandika hapa Musoma," dada akamjibu. "Kula."

"Kwetu hiki tungebandikia viatu, si waume. Kwetu saa hizi ni wali wa nazi, na papa, na..."

"Kwetu, kwetu!" nikamkata. "Kama kwenu kutamu hivyo ulikimbia nini, shemeji?"

Mama Dorkas, jirani yetu muuza dagaa, alikuwa kwenye uzio anasikiliza, kama kawaida yake. Akacheka. "Mwacheni mpwani wa watu. Atakufa na njaa mbele ya samaki, kama mwenzake."

Dada akamkata jicho.

"Mwenzangu nani?" Alawi akauliza.

Dada akamsukumia bakuli la furu.

Mwenzake alikuwaga Mwanaupe. Alipanga nyumba ileile kabla ya Alawi, mwanamke wa pwani aliyemfuata mume wa kazi ya serikali. Mume akasikia habari za dhahabu Buhemba, akaenda kuchungulia, hajarudi mpaka leo. Mwanaupe akabaki. Majirani walimpelekea udaga, ulezi, sato, kila kitu, na kila sahani aliirudisha kama ilivyokwenda, na asante juu. Alisubiri kifurushi cha nazi kutoka kwao. Akakauka akisubiri. Alikufa kwenye kile kibanda cha jiko nyuma ya nyumba, amekaa mbele ya mafiga matatu yasiyo na moto. Mimi sikumlilia. Mtu kufa na njaa ufukoni mwa Nyanza!

Bibi yangu Mbuke, mama yake mama, mtu wa Mugeta, alisema jambo moja tu siku ile. Mwanamke akifa, mafiga yake yang'olewe na ndugu yake yakatupwe, la sivyo ataendelea kupika. Ndugu hakuwepo. Bibi akanituma mimi.

Nilimwambia nimeng'oa.

Nilikuwa na mechi siku hiyo. Tena winga wa kulia nilikuwa ni mimi, bila mimi timu ni kopo tupu. Nikabamiza mlango wa bati, nikaenda zangu.

Sasa, baada ya Jumanne ile, Alawi akagoma kabisa. Mwezi mzima hakutia tonge mdomoni mbele yetu. Angekonda ningesema sawa, amevuna alichopanda. Alinenepa. Mashavu yakajaa, mkanda akautoboa tundu jipya.

Dada akanifuata kwenye banda langu la baiskeli, kanga amejifunga kichwani, macho mekundu.

"Hamduni, kuna mwanamke anampikia."

"Nani atampikia yule? Ananuka mafuta ya cherehani."

"Usinitanie. Mume asiyekula kwangu si wangu. Mimi sitaki kanga wala redio. Nataka akae mkekani kwangu, ale, ashibe. Basi. Nitafutie anakokula."

Nikamwambia alale usingizi, kazi hiyo ndogo.

Kesho yake saa saba mchana, jua la utosi, Alawi akaweka mkasi chini. Mimi nyuma yake, nikijiandaa kumfuata hata mpaka Bunda. Hakutoka hata getini. Alizunguka nyumba, akausukuma ule mlango wa bati, akaingia kwenye kibanda cha Mwanaupe.

Nikacheka peke yangu. Nikaweka jicho kwenye upenyo wa ukuta.

Cheko likaisha.

Alawi alikuwa amekaa chini, miguu ameikunja, mbele ya mafiga matatu. Moto hakuna. Sufuria hakuna. Katikati ya mafiga palikuwa na sahani, na sahani ilifuka moshi. Harufu ikanifikia. Tamu, nzito, ya mafuta. Mjini pale mafuta ya kula watu waliyapangia foleni tangu alfajiri.

Na kulikuwa na sauti. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Mtu anakuna nazi kwenye mbuzi. Musoma nzima hapakuwa na nazi. Sauti ilitoka kwenye kona. Kwenye kona palikuwa na majivu tu.

"Dada, leo chumvi imekolea," Alawi akanong'ona, kwa adabu, akiitazama kona.

Kwaru ikakoma kidogo. Kama mtu aliyeshukuru. Ikaendelea.

Wengine wangekimbia. Mtaa huu umejaa wanaume wa kukimbia paka. Mimi nikapiga mlango teke nikaingia.

"Shemeji! Kumbe ndiyo huku?"

Hakushtuka. Alinisogezea sahani. "Karibu. Ni cha nyumbani."

Nilichota. Ndiyo, nilichota, nani wa kunitisha na wali? Ulikuwa mweupe, laini, wa moto. Nikameza.

Nikakumbuka nyumbani.

Nikakumbuka mlango wa mbao wenye misumari. Kichochoro chenye mchanga. Mama anaita kwa jina ambalo si langu. Machozi yakanitoka bila ruhusa. Nilitaka kurudi. Mimi nimezaliwa hapahapa Mukendo. Pwani sijafika hata kwa ndoto.

Kwenye kona, kwaru ikaacha kabisa. Nikahisi natazamwa.

Hapo nikapandwa na hasira. Hasira, si woga, andika hivyo. Nikalipiga figa la kwanza teke likang'oka. La pili nikaling'oa kwa mikono. Lilikuwa la moto, nikaungua, nikalishika hivyohivyo.

Alawi alikuwa na tonge mkononi, limefika nusu ya mdomo.

"Shemeji," akanong'ona. "Ngoja nimalize. Amenipakulia. Ngoja nimalize."

Sikungoja. Nikang'oa la tatu.

Sahani haikuwepo tena. Mkononi mwake palikuwa na majivu. Alawi akafumba macho, akayafumbua, akanitazama kama mtu anayejifunza sura yangu.

Siku hiyohiyo nikayafunga mafiga kwenye keria ya baiskeli. Moja nikalitupa ziwani. La pili nikaliacha njia panda ya Butiama. La tatu nikalisukumia pedali mpaka Bunda, likae upande wa barabara ya kwenda kwao Mwanaupe, pwani. Nani mwingine Musoma angeweza? Nilirudi kesho yake jioni, nimejaa vumbi, nikamweleza bibi, nikingoja sifa.

Bibi Mbuke aliuliza swali moja. "Aliyekuwa anakula, alimaliza?"

"Bibi, mimi simsubiri mtu ashibe."

Akajifunika mdomo kwa kiganja. "Mafiga hayang'olewi mtu akiwa na tonge mkononi."

"Yaking'olewa?"

Akainuka, akaanza kufunga mzigo wake. Asubuhi akaomba apelekwe Mugeta. Kwetu hakukanyaga tena mpaka alipokufa.

Lakini dada alipata alichotaka. Mchana wa siku ile bibi alipoondoka, Alawi alikaa mkekani. Akanawa. Akala udaga. Akaongezwa. Akaongezwa tena. Akalamba vidole. Siwema alicheka mpaka Mama Dorkas akaja kwenye uzio kuangalia kuna nini.

"Huyu ndiye mume," dada akasema. "Ahsante, mdogo wangu."

Nilivimba kifua. Wiki mbili hivi.

Halafu nikaanza kuona. Neno "kwetu" halikumtoka tena, hata mara moja. Ugali ukiwa wa moto wa kuunguza, aliumega bila kupuliza. Hanenepi. Hakondi. Maji hanywi. Na makombo yakidondoka kwenye mkeka wake, kuku wanayazunguka. Hawayagusi.

Mwaka themanini na sita mambo yakafunguka, sabuni ikarudi madukani, na barua zikaanza kufika. Ikaja moja kwa jina la Siwema, kutoka Pangani. Niliisoma mimi. Shule niliiacha darasa la tano, lakini barua hainishindi. Alawi alikuwa mkekani, ametupa mgongo, anakula. Nikasoma kwa sauti ya chini, karibu na sikio la dada.

*Mkwe wangu Siwema, tunakushukuru kwa kumruhusu mwanangu arudi. Alawi huu mwaka wa pili yuko nasi, anashona hapa mlangoni, afya anayo. Ila kila mchana anataka sahani mbili, na ya pili hasemi ni ya nani. Hukuniandikia kwamba mmeachana. Je, mmeachana? Tumempiga picha tukuletee.*

Ndani palikuwa na picha ya studio. Alawi amesimama. Ni yeye, na kovu lake la nyusi. Pembeni yake kuna kiti kitupu, na mkono wake ameuweka juu ya kiti, hewani, pale ambapo bega la mtu lingekuwa.

Dada aliitazama picha. Akamtazama aliyekuwa mkekani. Tena picha.

"Dada," nikanong'ona, "twende kwa baba. Sasa hivi."

"Kelele, Hamduni."

"Huyu si..."

"Nimesema kelele." Alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. "Yule aliondoka na njaa yake. Huyu anakula kwangu."

Mkekani, taya zikaacha kutafuna. Hakugeuka.

"Hawajambo huko?" akauliza.

Bahasha alikuwa hajaiona.

Siwema akajifunga kanga vizuri, akachukua mwiko.

"Hawajambo, mume wangu. Nikuongeze?"

Mimi siogopi mtu, Musoma nzima wanajua. Ila siku hizi nakulaga kwa Mama Dorkas. Picha ninayo mimi, dada hakutaka kuigusa tena. Pale juu ya kiti kitupu kuna alama ya vidole vitano vya mafuta. Naifuta kila jioni kwa kitambaa na sabuni. Asubuhi ipo, mbichi, na banda zima la baiskeli linanuka nazi.