Bila Sekela, Wataimbaje?

Huko Tukuyu kuna baridi, kuna ndizi, na kulikuwa na Sekela. Umri wake miaka saba. Sauti yake kubwa!

Kila Jumapili Sekela aliimba kwenye kwaya ya watoto kanisani. Wenzake nao waliimba. Lakini nani aliwasikia?

"Haleluyaaaaa!" aliimba Sekela.
Mbuzi wa jirani wakatimua mbio. Mee! Mee! Walifurahi mno, bila shaka.

"Sekela, mwanangu," alisema Mwalimu Ambwene wa kwaya. "Punguza sauti kidogo, tuwasikie na wenzako."
"Mwalimu! Bila mimi, mtaimbaje?"

Kweli, jamani. Wangeimbaje? Walikuwa watoto ishirini tu!

Pembeni yake alisimama Tumpe, mtoto mdogo, mpole. Tumpe alifungua mdomo. Akafunga. Akafungua tena.
"Mbona wewe huimbi?" aliuliza Sekela.
"Naimba," alisema Tumpe.
"Mbona sikusikii?"
Sekela alishangaa sana. Hakujua kabisa ni kwa nini.

Nyumbani, Mama alikuwa anamenya ndizi.
"Mama, nikiimba, Mungu huwaambia malaika wanyamaze?"
"Sijui," alisema Mama. "Labda wanaziba masikio. Hebu nisogezee hilo beseni."
"Lakini Mama, bila mimi, wataimbaje?"

Ikafika Sikukuu ya Mavuno. Asubuhi hiyo Sekela akaamka.
Hachiii! Hachiii!
Akajaribu kuimba. Ikatoka "Kwii."
Akajaribu tena. "Kwii."

"Mama," alinong'ona, "mwambie Mchungaji leo hakuna ibada."
"Sawa," alisema Mama. "Nimwambie na kanisa alibomoe?"
Sekela akafikiri. "Hapana. Alifunge tu."
"Vaa sweta, twende."

Sekela akakaa kwenye benchi, karibu na Mama. Maskini kwaya! Maskini Mchungaji! Akalitazama paa. Alisubiri lianguke.

Ndu! Ndu! ikalia ngoma.
Chaka-chaka! yakalia makayamba.
Kwaya ikaimba.

Ikaimba vizuri.
Ikaimba vizuri sana!
Paa halikuanguka. Mchungaji hakuzimia. Hata mbuzi walitulia, wakala majani yao.

Halafu Sekela akasikia sauti moja. Nyembamba, safi, tamu. Ya nani hiyo?
Ilikuwa ya Tumpe.

Sekela akainamisha kichwa. Chozi likadondoka kwenye sweta. Tip.

Baada ya ibada, akamvuta Mama nje.
"Mama, mimi si kitu. Sitaimba tena. Kamwe!"
Mama akachuchumaa mbele yake.
"Jana ulikuwa mkubwa kuliko kanisa. Leo umekuwa mdogo kuliko sisimizi. Sasa nguo tutakushonea za saizi gani?"

Sekela akacheka kidogo. Kwii, kwii.
"Kwani mimi nikoje, Mama?"
"Wewe ni Sekela. Mungu amekupa sauti, asante Mungu. Tumpe naye amempa yake. Hakumpa mtu mmoja sauti zote."
"Na nikiwa sina sauti?"
"Anakupenda na kwii yako."

Nyumbani, Sekela akanywa maji ya moto yenye tangawizi. Akanywa tena. Sauti ikarudi.

Jumapili iliyofuata, Sekela akaimba. Aliimba huku akisikiliza. Alimsikia Tumpe! Akawasikia na wengine wote. Kumbe walikuwepo!

Mwalimu Ambwene akasema, "Tumpe, ubeti wa pili imba peke yako."

Tumpe akasogea mbele. Akaimba neno moja. Mawili. Matatu.
Akasahau.
Akafungua mdomo. Akafunga.

Sekela aliujua ubeti huo wote! Angeweza kuuimba mpaka mbuzi wahame Tukuyu! Mdomo ukamwasha.

Akasogea taratibu nyuma ya Tumpe. Akamnong'oneza sikioni neno moja tu.

Tumpe akavuta pumzi. Akaimba mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi. Pa-pa-pa! Akina mama wakapiga vigelegele.

Vyote vilikuwa vya Tumpe. Hakuna aliyemtazama Sekela. Naye Sekela alipiga makofi mpaka viganja vikawa vya moto.

Jioni, baada ya sala, Mama akamfunika blanketi.
"Haya, nisimulie. Leo ulipenda nini kanisani?"
"Tumpe aliimba," alisema Sekela.
Akapiga miayo, akalala.