Dirisha Lisilo na Fremu

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nywele zinazoungua, asubuhi kweupe, ndani ya ofisi ya watu wawili: binti fundi wa programu za kompyuta na kaka yake, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki.

"Kaka, kuna kitu kinaungua?"

"Pua yako hiyo!" Kaka alicheka, lakini hakumtazama. "Malizia ile programu ya saa ya mteja. Toa fremu, toa na rangi ya nyuma. Nataka tarakimu zielee tu, dirisha lenyewe lisionekane."

Akafanya. Alifuta mipaka, ukaondoka na ule upau wa juu wenye alama ya kufungia. Akashusha rangi hadi sifuri. Tarakimu zikaelea vizuri. Nyuma ya tarakimu ilipaswa kuonekana picha ya milima iliyopamba kompyuta yake, lakini palikuwa na giza tupu, na kioo kikaingia ukungu kama mtu amekipumulia. Akakifuta kwa kiganja. Ukungu ulikuwa upande wa ndani.

Akataka kulifunga dirisha, hapakuwa na pa kubofya. Akachomoa waya wa umeme, kompyuta ikazimika, feni yake ikanyamaza, lakini dirisha likabaki palepale likipumua, harufu ikazidi, na kutoka ndani sauti nyembamba ikamwita, "Kijiko, Kijiko wangu," jina la utotoni ambalo duniani alibaki mtu mmoja tu wa kulijua, na mtu huyo alikuwa amesimama nyuma yake, mgongo wake umeuziba mlango.

Akapiga yowe. Mama mshonaji wa chumba cha jirani, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa kutoa majini, akagonga mpaka kaka akafungua. Mama huyo akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Aliweka kiganja kwenye kioo.

"Nani kakutuma?"

"Sikutumwa," sauti ikajibu. "Nimepewa."

"Umepewa na nani?"

"Na huyo aliyekufungulia mlango."

Kaka akapiga magoti. "Lilimpanda mwanangu," alinong'ona. "Likasema litamwacha nikililetea mtu mwingine wa damu yangu, nilifungulie mahali pasipo na mpaka. Ningefanyaje, mdogo wangu?"

"Ungeniambia," dada yake alisema. "Ungeniambia tu, kaka."

Mama mshonaji alilikemea jini kwa muda mrefu, jasho likimtiririka, mpaka giza likasinyaa, tarakimu zikafifia na harufu ikakatika. Wakashusha pumzi.

Simu ya kaka ikaita. Sauti ya mkewe ilikuwa ya chini mno. "Baba, njoo. Mtoto anacheka na ukuta. Na kicheko si chake."

Kaka akakata simu. Akainama chini ya meza, akachomeka waya, kisha akavuta kiti taratibu.

"Kaa, mdogo wangu," alisema, kwa ile sauti laini aliyombembelezea miaka yote. "Liandike tena lile dirisha."

Fundi alimtazama usoni, akitafuta hata chembe ya aibu. Hakuiona.